Viashiria vya Damu na Akili ya Mzee Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mzee wa Ngamiani aliyepelekwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo anaweza kurudi Tanga akipumua vizuri na kutembea bila kuchoka, lakini akawa anapotewa na hesabu ya kete katikati ya bao, au akafika sokoni asikumbuke alichotumwa. Hali hiyo si sawa na kuweweseka kunakompata mgonjwa siku za mwanzo akiwa wodini, ingawa aliyeweweseka huwa katika hatari zaidi ya kuipata. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2001, uliwafuatilia wagonjwa 261 waliounganishiwa mishipa mipya ya moyo: asilimia 53 uwezo wao wa akili ulikuwa umepungua walipotoka hospitali, na asilimia 24 baada ya miezi sita.

Kiashiria cha damu ni kitu kinachopimika katika damu na kutoa habari za kiungo kisichoweza kufikiwa kwa urahisi, na hapa kiungo hicho ni ubongo. Kinachozungumzwa zaidi siku hizi ni protini iitwayo neurofilamenti nyepesi. Seli ya neva ina mkia mrefu ulioimarishwa kwa nyuzi za protini, mfano wa kamba ya katani, na kamba inapochakaa vumbi la nyuzi zake huanguka; vivyo hivyo mkia wa neva ukidhurika, vipande vya nyuzi hizo huingia katika maji yanayouzunguka ubongo, na kiasi kidogo hufika kwenye damu.

Ili kipimo kitabiri nani uwezo wake wa akili utapungua, damu hutolewa kabla ya upasuaji. Mwenye kiwango kikubwa tangu awali huenda ubongo wake umeshaanza kuchakaa kimyakimya, hivyo upasuaji unamkuta akiba yake ni ndogo. Baada ya upasuaji kiwango huendelea kupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo namba isiyotajiwa siku ya kutolewa damu haina maana kubwa.

Tatizo ni kujua vumbi limetoka kamba ipi. Protini ya S100B, iliyotegemewa sana zamani, hupatikana pia katika mafuta ya mwili, na damu inayofyonzwa kifuani wakati wa upasuaji na kurudishwa kwa mgonjwa huipandisha hata kama ubongo ni mzima. Enolasi ya neva, protini nyingine inayopimwa, nayo imo ndani ya chembe nyekundu za damu, ambazo mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji huzipasua. Kwa maoni yangu neurofilamenti ina heri kuliko hizo mbili, ila nayo hupanda kwa umri, kwa figo dhaifu na kwa neva za miguu zilizoharibiwa na kisukari, maradhi ambayo wazee wetu wengi wanayo.

Ndiyo maana kipimo cha damu hakiondoi haja ya kumpima mzee kumbukumbu kabla hajasafiri, kwa kumtajia maneno machache ayarudie baadaye na kumtaka achore uso wa saa. Bila hilo, hakuna atakayejua kama alianza kusahau baada ya upasuaji au miaka miwili kabla yake.