Je, wajua kwa nini picha za Mumbai huongea Kihindi wakati mji ni wa Wamarathi?

Sisi tuliokulia picha za Kihindi tunajiona Mumbai tunaijua. Tumeiona mvua yake, treni zake na watu wakining'inia milangoni, steringi akimkimbiza adui sokoni. Kaa sasa utazame picha ya Kimarathi iliyotengenezwa mji ule ule. Kile Kihindi chako cha kuokoteza hakikufikishi mbali. Herufi za mabango ni zile zile za Devanagari zinazoandika Kihindi, ila maneno ni mengine. Utadaka machache yanayofanana na yetu, kama dukan, vakil, sarkar na gadi, yaani duka, wakili, serikali na gari, na yaliyobaki utayasoma chini ya skrini.

Niliyoitazama mimi inaitwa Me Shivajiraje Bhosale Boltoy, ya mwaka 2009. Jina lenyewe ni kama la mtu anayepokea simu. Boltoy ni "naongea", na mwanamume wa Kimarathi hujitambulisha hivyo hivyo kwenye simu: mimi fulani naongea. Kasoro ni kwamba huyu anayeongea, mfalme Shivaji wa Wamarathi, alikufa mwaka 1680.

Steringi wa picha si kijana wa misuli. Ni Dinkar Bhosale, karani wa benki wa makamo aliyeigizwa na Sachin Khedekar, mtu wa kukunja uso na kumeza maneno. Mjenzi wa maghorofa anaitaka nyumba yake. Kila anapogeuka anajiona wa daraja la pili kwenye mji wa kwao. Mwisho anabwata kwamba anaona haya kuzaliwa Mmarathi. Hapo ndipo Shivaji, mfalme aliyetawazwa kwenye ngome ya Raigad mwaka 1674, anapomtokea, na hakuja kumbembeleza.

Imekuwaje mtu akajiona mgeni kwao?

Jibu linaanzia kwenye pesa. Mumbai ilikuwa visiwa saba vya wavuvi wa Kikoli, na jina la mji linatokana na Mumba Devi, mungu wao wa kike. Waingereza walipoigeuza bandari, waliokuja na mitaji wakawa Waparsi na Wagujarati, ndugu zao hao hao waliovuka bahari wakafungua maduka Zanzibar na Mombasa. Viwanda vya nguo vilipoanza miaka ya 1850, wafanyakazi wakatoka vijijini Konkan na Satara, wakiongea Kimarathi. Kwa hiyo mikono iliyoendesha mitambo ilikuwa ya Wamarathi kwa wingi, lakini daftari la hesabu lilikaa kwa wengine. Nikisema "mji wa Wamarathi" najua nagusa kidonda, maana waliouleta utajiri nao wanasema ni wao.

Sinema ikaja ikaongeza chumvi. Picha ndefu ya kwanza ya India, mwaka 1913, ilitengenezwa Mumbai na Mmarathi, Dadasaheb Phalke, mzaliwa wa Trimbak karibu na Nashik. Ilikuwa picha bubu, na picha bubu haina ugomvi wa lugha. Sauti ilipoingia mwaka 1931, ikabidi lugha ichaguliwe, na mfanyabiashara hakuhitaji kufikiri sana. Kihindi na Kiurdu vilisikika kuanzia Lahore hadi mipaka ya Bengal, Kimarathi kiliishia Maharashtra, eneo la Wamarathi ulipo Mumbai. Mwaka 1947 India ikagawanywa, Lahore ikaangukia Pakistan, na wasanii wengi wa Lahore wakahamia Mumbai na lugha yao mdomoni. Picha za Kimarathi zilikuwa zimeshaota mizizi bara, kwenye studio za Kolhapur na Pune. Mumbai ikabaki karakana ya kutengenezea ndoto za watu wa mbali, zikiwemo zetu sisi wa pwani hii.

Hata jimbo lenyewe halikuja kirahisi. India ilipochora upya mipaka ya majimbo kufuata lugha mwaka 1956, Wamarathi na Wagujarati waliachwa kwenye jimbo moja la Bombay. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika maandamano ya kudai Maharashtra yenye Mumbai ndani yake, na mnara wao umesimama Hutatma Chowk, katikati ya mji. Maharashtra ikazaliwa tarehe 1 Mei 1960. Miaka 6 baadaye Bal Thackeray, mchoraji wa vibonzo, akaanzisha Shiv Sena, jeshi la Shivaji, akihubiri kwamba kazi za mji zimechukuliwa na wahamiaji. Mwanzoni wa kulaumiwa walikuwa watu wa kusini mwa India. Kufika 2008, chama kingine, cha mtoto wa ndugu yake, kilikuwa kinawaandama watu wa Bihar na Uttar Pradesh, na madereva wa teksi wakapigwa barabarani.

Picha yetu ilitoka Aprili 2009, moshi huo haujatawanyika, na ikawa miongoni mwa picha za Kimarathi zilizoingiza fedha nyingi zaidi hadi wakati huo. Ungetarajia iwe ya kuwapaka watazamaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Badala yake Shivaji anamsomesha Dinkar: wenzako wanaamka alfajiri wanahangaika, wewe umekaa unalalamika. Nani alikukataza kufungua biashara? Nani alikuzuia kuongea lugha yako bila kuona haya? Nadhani hiyo ndiyo siri ya kujaza majumba. Wanasiasa walikuwa wamewaambia kosa ni la jirani, hapa akaja mtu asiyeweza kupingwa akawaambia mjitazame. Angesema hayo mwigizaji mwingine yeyote, wangemtupia karanga.

Ila tusiisifu kupita kiasi. Picha inakemea kwa mkono mmoja na kwa mwingine inamweka adui ambaye si Mmarathi, ili mtazamaji atoke roho imetulia. Imekula huku na huku. Mtu wa Bihar aliyeketi ukumbini siku ile sidhani kama alipiga makofi sawa na jirani yake.

Sehemu iliyonikamata mimi ni powada. Huu ni utenzi wa kishujaa wa Kimarathi, unaoimbwa kwa kupaaza sauti, ngoma ikidunda, na mwimbaji wake huitwa shahir. Neno hilo ni la Kiarabu, ndugu wa damu wa mshairi wetu. Anasimulia mwaka 1659 chini ya ngome ya Pratapgad. Afzal Khan, jemadari wa usultani wa Bijapur, pande la mtu, anamwita Shivaji wakutane kwa amani. Shivaji amevaa deraya chini ya kanzu, na kiganjani ameficha wagh nakh, chuma chenye kucha kama za simbamarara. Wanakumbatiana. Khan anambana na kumchoma kisu, kisu kinateleza kwenye deraya, na kucha zinazama tumboni. Sikuelewa hata nusu ya maneno, lakini mapigo niliyajua. Mwimbaji anakata sauti ghafla kabla ya tukio, anakuacha unaning'inia, kisha ngoma inarudi kwa kishindo. Aliyekaa kwenye usomaji wa utenzi wa vita atatambua ufundi huo.

Sifa za Shivaji zina pengo moja linalotuhusu. Kusini ya Mumbai, ndani ya maji, iko ngome ya Janjira, jina linalotokana na jazira, kisiwa. Walioishika ni Masidi, watu wenye asili ya Afrika. Shivaji alijaribu mara kadhaa kuitwaa, mwanawe Sambhaji naye akajaribu, ikawashinda. Masidi waliendelea kutawala eneo lile hadi baada ya uhuru wa India. Fahari ya Maharashtra ikihesabiwa vizuri, na wao wamo.

Na karani Dinkar je, alipona? Kwenye picha, ndiyo. Nje ya picha mambo yalikuwa yamekwenda njia yake. Mwaka 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 wa viwanda vya nguo waligoma, mgomo ukavunjika bila ushindi, viwanda vikafa kimoja kimoja, na viwanja vyao vikaota maduka makubwa na maghorofa ya vioo. Majumba mapya ya skrini nyingi yakapenda picha za Kihindi, hata mwaka 2015 serikali ya jimbo ikayaamuru yatenge nafasi kwa picha za Kimarathi saa za watu wengi. Palizuka kelele, wengine wakisema fahari hailetwi kwa amri, na serikali ikalegeza kamba ya saa.

Lalbaug, kwenye mitaa ya viwanda hivyo, kuna sinema ya zamani ya skrini moja, Bharatmata, iliyojulikana miaka yote kwa kuonyesha picha za Kimarathi kwa bei ya mfanyakazi. Hiyo haikuhitaji amri. Wateja wake walikuwa wanatoka zamu, wanavuka barabara, wanakata tiketi.