Fleet Week San Francisco: hakikisha jua liko mgongoni

Karibu kila Oktoba tangu 1981, manowari za Marekani huingia San Francisco kwa Fleet Week, wiki ya maonyesho ya manowari na ndege, na kila mara wapo watazamaji wanaorudi na picha za vivuli vyeusi vya ndege. Wanailaumu kamera bure, walisimama pabaya.

Ndege hupita sambamba na ufuo, mbele ya Marina Green, bustani iliyo ufukweni. Ukiwa hapo unatazama kaskazini. Blue Angels, kikosi cha ndege za maonyesho cha jeshi la majini la Marekani, hupaa mnamo saa tisa alasiri, jua likiwa nyuma ya bega lako la kushoto, na buluu na manjano ya ndege zao hung'aa. Sausalito, ng'ambo ya ghuba, kuna utulivu, lakini jua linakupiga usoni. Msafara wa meli wa Ijumaa asubuhi utazame Crissy Field, ufuoni karibu na daraja la Golden Gate: manowari ikishapita chini ya daraja hilo inakuonyesha ubavu wake wote, mabaharia wamejipanga ukingoni mwa staha.

Adui ni ukungu. Blue Angels wana maonyesho ya namna tatu kufuatana na kimo cha mawingu. Yakiwa futi 8,000 hivi au zaidi, unaona mizunguko yote ya kupanda wima. Yakishuka, mizunguko hupunguzwa. Yakifika futi 1,500 wanapita bapa tu, na chini ya hapo hawaruki. Kipimo unacho mbele ya macho: minara ya daraja ina futi 746. Ukungu ukimeza ncha zake na kuanza kutambaa ndani ya ghuba, usitarajie mengi. Ndiyo maana nashauri uende Ijumaa, siku ya mazoezi. Watu ni wachache, na anga ikikunyima, bado una Jumamosi na Jumapili.

Wakati ndege nne zinageuka mbali, usizifuate kwa macho. Angalia chini, karibu na maji. Ndege moja huja hapo kwa kilomita 1,100 hivi kwa saa. Sauti husafiri takriban kilomita 1,225 kwa saa, kwa hiyo ndege iliyo umbali wa kilomita moja inakufikia theluthi moja tu ya sekunde baada ya mlio wake. Ukisubiri usikie ndipo ugeuke, imeshapita. Watoto wavalishwe vikinga masikio kabla, si baada ya kushtuka.

Kwa ndege za jeti weka kasi ya shata ya kamera iwe 1/1,600 ya sekunde. Kwa Fat Albert, ndege ya mizigo ya C-130, shuka hadi 1/200. Ukizidisha kasi hiyo, rafadha (mapanga yanayozunguka mbele ya injini) zinaganda na ndege inaonekana kama imezima injini angani.

Fataki za Julai 4 kwenye ufuo huohuo ni jambo gumu zaidi, kwa sababu ukungu wa kiangazi mara nyingi huzifunika zikabaki mwanga wa rangi tu. Kukiwa kweupe, kaa joshini, upande unakotoka upepo, ambao hapa kwa kawaida ni magharibi. Ukikaa demani, upande unakoelekea upepo, moshi wa fataki za kwanza utakufichia za mwisho, ambazo ndizo kubwa.