Laptopu haijafa jamani, na bando halipenyi ukuta

Juzi binti wa jirani yetu hapa Dunda kaja na laptopu kaikumbatia, macho mekundu, kaambiwa na fundi haifai tena aiuze skrepa kisa Windows 10 imeisha na Windows 11 inagoma kuingia. Iliniuma kwa kweli maana ndo mashine anayosomea. Na watu wa hivi Bagamoyo nawaona wengi, wanapewa maneno nusunusu halafu wanatoa hela ambayo hawana.

"Isiyokubali Windows 11 imekufa." Hapana. Ni kweli Microsoft waliacha kutoa apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka mashine yenye TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya miaka ya karibuni, kwa Intel mara nyingi kuanzia kizazi cha 8. Lakini hayo ni masharti ya Windows, sio ugonjwa wa laptopu. Ya binti ni i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 4, nikachomeka flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce, ikawaka hapohapo bila kufuta hata faili moja, maana unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi tu, ukaangalia waifai inashika, sauti inatoka, kamera inafanya kazi, ndo uamue kuiweka moja kwa moja. Tukahamisha mafaili yake kwanza, tukatoa ile hadidiski ya kuzunguka iliyokuwa inaifanya nzito tukaweka SSD isiyozunguka, sasa inawaka haraka mpaka mama yake kaja kuulizia na yake.

"Linux ni ya mahaka, skrini nyeusi maandishi ya kijani." Wewe mwenye simu ya Android unaitumia kila siku, kiini chake ni hikihiki alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Ubuntu, aina nyingine ya Linux, nayo ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na hilo jina ni utu wetu huuhuu. Ila tusidanganyane, Photoshop haiingii kirahisi na programu nyingi za mahesabu ya ofisini zimeandikwa kwa Windows tu, kama kazi yako iko huko baki huko. Na CV ukiiandika kwenye LibreOffice (programu ya kuandikia ya kwenye Linux) igeuze PDF kabla ya kwenda steshenari, la sivyo majedwali yatahama.

"Linux haipati virusi." Hili nalo ni nusu. Vile virusi vya shotikati vinavyogeuza mafaili yote kwenye flashi kuwa vishale vimetengenezwa kwa Windows, ukichomeka kwenye Linux havifanyi kitu na mafaili yako yaliyofichwa mara nyingi unayakuta yamekaa palepale, nimewaokolea watu risechi nzima kwa njia hiyo. Lakini mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kilivamia marauta na kamera chungu nzima duniani, vifaa vinavyotumia Linux, na mlango wake ulikuwa paswedi za kiwandani ambazo wenyewe hawakubadilisha. Jina na paswedi ya rauta yako bado ni admin na admin? Kaibadilishe leo.

Sasa waifai, hapa ndo hela inapotea. "Mistari imejaa kwa hiyo neti ni nzuri, ikiwa nzito ongeza bando." Mistari inakuonyesha simu inavyosikilizana na rauta tu, basi, kutoka rauta kwenda nje ni safari nyingine kabisa. Mama mdogo anakaa kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake dhiraa nzima, rauta iko sebuleni nyuma ya TV, chumba cha uani hakishiki kitu. Kapandisha kifurushi mara mbili! Mama mdogo, bando halipenyi ukuta. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini ukuta mnene yanauogopa, ya 2.4 yanafika mbali zaidi ila polepole na yanagombaniwa na majirani wote. Nilichofanya, nikachomeka laptopu kwa waya nikapima kwa amri ya ping, inayoangalia kifaa kinajibu haraka kiasi gani, kwanza anwani ya rauta yenyewe halafu 8.8.8.8 ya Google huko nje, zote zikajibu vizuri, kumbe nje hakuna shida kabisa tatizo ni ukuta. Ingekuwa rauta inajibu haraka na ya nje inasuasua, hapo ndo unawapigia watu wa neti. Tukavuta waya mpaka uani tukafunga rauta ya zamani iliyokuwa kabatini, tukaipa anwani yake na kuizima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani kwa simu na laptopu, maana mbili zikigawa anwani nyumba moja simu zinachanganyikiwa, na waya tukauchomeka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) sio la WAN (la neti ya nje). Karudi kifurushi cha mwanzo.

Na ukilipia Mbps 10 ukaona faili linashuka kwa MB 1.2 kwa sekunde hujaibiwa, Mbps ni megabiti na MB ni megabaiti, gawanya Mbps kwa 8.

La mwisho ni flashi. "Mstari ukijaa, kopi imeisha." Vijana hawa wa TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, waliorekodi onyesho lao la ngoma walikuja wanalia, video ya GB 6 imefika kwa mwalimu haifunguki. Linux inaweza kukuonyesha imemaliza wakati data nyingi bado iko kwenye RAM inamiminwa taratibu kwenye flashi, ukichomoa hapo faili linakatika. Bonyeza kwanza ile alama ya kuitoa flashi, au andika sync kwenye teminali (dirisha la kuandika amri), usubiri mpaka ijibu. Bahati nzuri video ya asili ilikuwa bado kwenye laptopu, tukakopi upya, wakakaa dakika nne nzima wanaitazama taa ya flashi inapepesa mpaka ikatulia.