Je, wajua kwa nini monopodi si theluthi ya tripodi?

Vyote viwili ni vifaa vya kuegemezea kamera. Hesabu ya haraka inasema hivi: tripodi ina miguu mitatu, monopodi ina mmoja, kwa hiyo monopodi ni tripodi iliyokatwa miguu miwili na utulivu wake ni theluthi. Hesabu hiyo ndiyo inayomfanya mtu anunue monopodi, apige nayo picha ya usiku ya sekunde nzima, aone imetikisika, kisha aitupe uvunguni akiamini ametapeliwa. Wengine hukosea upande wa pili: wanabeba tripodi nzito hadi pembeni mwa uwanja wa mpira, na winga anapokata kuingia ndani, wao bado wanalegeza skrubu.

Kosa ni kuhesabu miguu ya kifaa peke yake. Figa moja haliinjiki chungu, ni kweli, lakini monopodi haikutengenezwa iwe figa. Ifikirie kama mkongojo. Ukiuachia unaanguka, mkononi mwa mzee unakuwa mguu wake wa tatu. Kwenye monopodi nako miguu ni mitatu, ila miwili ni yako, ina misuli, na misuli haitulii kabisa.

Basi mguu huo mmoja unasaidia nini? Hapa ndipo penye utamu. Kamera iliyoshikwa mkononi hucheza kwa namna mbili: huhama na huzunguka. Kuhama ni kusogea nzima nzima, juu, chini, mbele au kando. Kuzunguka ni kama ufanyavyo kwa kichwa: kuitikia ndiyo, kukataa, au kulaza sikio begani. Chukua mtu aliye mita 20 mbele yako. Kamera ikihama milimita 1 kwenda kando, pale aliposimama picha imesogea milimita 1, na hutaiona. Kamera ikiitikia kwa digrii 0.1 tu, lenzi inalenga sentimita 3.5 juu au chini ya ilipokuwa ikilenga, na kope zimeshapakana na nyusi. Kwa kitu kilicho mbali, adui ni kule kuzunguka.

Sasa shika kamera mkono mmoja, mwingine uwe chini ya lenzi, sentimita 15 mbele. Ili kamera iitikie digrii 0.1, inatosha mkono mmoja uinuke robo ya milimita. Pumzi moja inatosha. Funga kamera hiyohiyo, kwa kuikaza, juu ya nguzo ya mita 1.5. Ili iitikie digrii zilezile, kichwa cha nguzo lazima kisogee karibu milimita 2.6, yaani mara kumi zaidi. Ni kama mlango: kwa pembe ileile, kidole kilicho karibu na bawaba husogea kidogo sana, kilicho kwenye kitasa husogea mbali. Monopodi imeitoa bawaba viganjani mwako na kuiweka ardhini.

Kupanda na kushuka nako kumekwisha, kwa sababu nguzo haifupiki. Kinachobaki bila breki ni kule kukataa: nguzo huzunguka kwenye ncha yake kama pia ya kuchezea. Kwa hiyo zile mara kumi za mlangoni hazifiki zote kwenye picha. Mpiga picha akiwa na lenzi ya milimita 200, yaani ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali, kanuni ya zamani humtaka atumie 1/200 ya sekunde mkononi, ndio muda ambao kamera hufunguka kuingiza mwanga. Kwa monopodi hushuka hadi 1/50, na mwenye mkono uliozoea hadi 1/25. Ni makadirio, si sheria. Upepo, uchovu na kidhibiti mtikisiko cha lenzi huyabadilisha. Kwenye 1/15 kwenda chini, na lenzi ndefu, usiitegemee.

Breki ya kukataa unaiweka mwenyewe. Tanua miguu kama upana wa mabega, kita ncha ya monopodi mbele yako, kisha ilaze kidogo kukuelekea ili nyayo mbili na ncha zifanye pembetatu. Irefushe sentimita chache kupita usawa wa jicho, maana ikilala inafupika. Gandamiza kamera kwenye paji la uso, kiwiko kwenye mbavu, na mkono wa kushoto ukandamize lenzi kwa juu. Piga picha tatu mfululizo: ya kwanza mara nyingi huharibiwa na kidole kinachobonyeza.

Tripodi inahitaji maelezo machache. Pointi tatu hukaa imara hata penye mashimo, ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakichezi. Ni ya nyota, ya maji yanayotiririka, ya picha kadhaa zitakazounganishwa kuwa moja. Huharibiwa na mambo madogo: nguzo ya katikati ikipandishwa juu kabisa, umeweka monopodi juu ya tripodi. Refusha kwanza vipande vinene vya miguu. Mlimani, miguu miwili iwe upande wa bonde. Mkoba unaoning'inizwa kuipa tripodi uzito uguse ardhi kidogo, la sivyo upepo utaubembeza pamoja na kamera. Tumia taima ya sekunde 2, na uzime kidhibiti mtikisiko kama lenzi haitambui tripodi yenyewe. Kwenye monopodi kiache kikiwa kimewashwa.

Jambo moja husahaulika kwa vifaa vyote viwili: havimtulizi anayepigwa picha. Mkimbiaji anataka 1/1000, na kwa kasi hiyo mtetemo wa mkono wako hausumbui sana hata kwa lenzi ya milimita 400. Monopodi zinazojipanga pembeni mwa uwanja ziko pale kubeba uzito. Lenzi ya 400 yenye f/2.8, yaani yenye tundu pana la kuingiza mwanga, ina karibu kilo 3, na baada ya dakika 90 mkono hauwezi tena kuifuata mipira ya juu.

Kabla ya kununua, kunja miguu ya tripodi yoyote pamoja, irefushe, uitumie kama monopodi. Bandika ukurasa wenye maandishi madogo ukutani, simama mbali kadiri utakavyopiga kwa kawaida, kisha piga picha 10 kwa 1/200, 10 kwa 1/100, 10 kwa 1/50 na 10 kwa 1/25. Zikuze kwenye kompyuta na uhesabu zinazosomeka. Kasi ya chini kabisa inayokupa 7 kati ya 10 ndiyo mpaka wako. Picha unazozipenda zikiwa chini ya mpaka huo, nunua tripodi.