Je, wajua rada huonaje mafuriko kabla mto haujajaa?

Jioni ya Julai 31, 1976, watu waliokuwa sehemu za chini za korongo la mto Big Thompson, jimbo la Colorado, Marekani, hawakuona mvua ya kutisha. Kumbe huko juu dhoruba ilikuwa imeganda mahali pamoja, ikamwaga takriban milimita 300 kwa saa nne hivi. Maji yalishuka na mawe, yakaing'oa barabara iliyofuata mto, wakafa watu 144. Leo kwenye makorongo ya jimbo hilo kuna vibao vinavyomwambia dereva aache gari na kupanda mlimani.

Kwa hiyo wingu la kuchunga ni lile lililo juu ya chanzo cha mto, si la juu ya paa lako. Mkazi wa Dar es Salaam anayepita eneo la Jangwani analijua hili: maji ya mto Msimbazi hutoka mbali, upande wa Pugu.

Rada hurusha mawimbi ya redio, nayo yakigonga matone, sehemu ndogo hurudi. Muda wa kurudi hueleza umbali, na nguvu ya mwangwi hutumika kukadiria mvua. Hapo ndipo penye mtego. Tone lenye kipenyo mara mbili ya jingine lina maji mara 8, lakini mwangwi wake ni mara 64! Mvua ya mawe nayo huweza kuonekana kama gharika. Rada za kisasa hupunguza kosa hilo kwa kutuma mawimbi ya mlalo na ya wima: tone kubwa likianguka hubonyea likawa pana, ilhali barafu hupinduka ovyo.

Kisha huja hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Milimita 30 zikinyesha kwenye bonde la kilomita za mraba 100, ni lita bilioni tatu, na kama udongo umeshashiba, nyingi zitaishia mtoni. Kipimo kilichosimikwa mtoni husema maji yakishafika. Rada husema yakiwa bado angani.

Milimani kazi huwa ngumu. Mlima huzuia mawimbi, na nyuma yake rada haioni kitu. Ukiyainua hata nusu nyuzi tu, kilomita 100 mbele yatakuwa yamepanda kama kilomita moja na nusu juu ya usawa wa rada, na mvua inayozaliwa chini ya hapo haionekani. Uswisi iliamua kupanda nazo: mojawapo ya rada zake tano iko kwenye kilele cha Pointe de la Plaine Morte, zaidi ya mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Hata huko, vipima mvua vya ardhini bado vinahitajika kusahihisha picha.

Na rada haioni kalavati lililoziba wala mteremko uliolegea. Juni 2024, pamoja na rada zote hizo, mto Moesa ulimeza kipande cha barabara kuu ya A13 huko huko Uswisi.

Ukifungua picha za rada kabla ya safari ya milimani, usiangalie moja tu. Fuatilia za nusu saa nzima. Doa jekundu (mvua kubwa) linalokimbia hunitia wasiwasi kidogo kuliko la njano (mvua ndogo zaidi) linalong'ang'ania bonde lile lile, hasa likiwa juu ya barabara utakayopita.