Kinga ya mwili, jeni na kisukari cha aina ya pili

Ukijikata kidole, muda si mrefu pale penye jeraha pataota wekundu, patapata joto na kuvimba. Huo ndio mchochota: chembe nyeupe za damu zimefika kazini, na jeraha likipona zitaondoka. Mchochota unaohusika na kisukari cha aina ya pili ni wa namna nyingine. Hauumi, hauonekani, mwenyewe hana habari nao, na unaweza kukaa mwilini miaka na miaka.

Kwa wengi chanzo chake ni mafuta ya tumboni. Seli ya mafuta ikijazwa kupita kiasi hulemewa, na nyingine hufa. Hapo huja makrofeji, chembe za kinga ambazo kazi yake ni kula mabaki. Tazama kipande cha mafuta ya mtu mnene kwa hadubini, utaziona zimeizunguka seli iliyokufa kama shanga shingoni. Wataalamu huuita mpangilio huo taji. Seli yenyewe ni kubwa kuliko makrofeji, haimalizwi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo zinakaa palepale zikimwaga kemikali za kuitana. Mojawapo ni TNF-alfa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene huitoa kwa wingi, na walipoizuia, insulini, homoni inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli, ikafanya kazi vizuri zaidi. Kemikali hii huvuruga ujumbe wa insulini ndani ya seli: insulini hubisha hodi, ndani haitikii mtu, sukari ikabaki kwenye damu. Nyingine, IL-1 beta, hudhuru seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Fununu za jambo hili ni za kale. Mwaka 1876 daktari Mjerumani, Wilhelm Ebstein, aliandika kwamba salisileti, dawa ya kutuliza mchochota iliyo ndugu wa aspirini, ilipunguza sukari kwenye mkojo wa wagonjwa. (Dozi zilizotumika zamani zilikuwa kubwa mno. Usijaribu nyumbani.)

Tuje kwenye jeni, ambako wengi huchanganya mambo. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinga hulishambulia kongosho lenyewe, na jeni za HLA, zinazoisaidia kinga kupambanua cha mwili na cha kigeni, zina uzito mkubwa. Aina ya pili haiko hivyo. Mamia ya sehemu za vinasaba zimehusishwa nayo, kila moja ikichangia kidogo, na nyingi kati ya zinazoeleweka hugusa namna kongosho linavyotoa insulini. Iliyo na nguvu zaidi kati ya zilizoenea, TCF7L2, iliyotangazwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006, hata haihesabiwi kuwa jeni ya kinga.

Chukua CRP, protini inayopimwa kwenye damu kujua kama kuna mchochota. Wenye CRP ya juu hupata kisukari zaidi, hilo ni kweli. Lakini watu waliorithi jeni inayoipandisha CRP tangu kuzaliwa hawajaonekana kuugua zaidi ya wengine. CRP ni moshi, na kupepea moshi hakuzimi moto. Hata jaribio la CANTOS, lililotangazwa mwaka 2017 likiwa na wagonjwa wa moyo zaidi ya 10,000, lilituonyesha kwamba mambo si mepesi: dawa ya kuzuia IL-1 beta ilipunguza mashambulizi ya moyo, ila haikupunguza idadi ya waliopata kisukari kipya.

Ndiyo maana anayeniuliza kama alipie kipimo cha jeni humwambia aanze na HbA1c, kipimo cha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Asilimia 5.7 hadi 6.4 ni onyo, 6.5 na kuendelea, ikithibitishwa kwa kupima tena, ni kisukari.

Na ikiwa jeni unazo? Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Baadaye damu yao ilipochunguzwa, hata waliorithi TCF7L2 yenye hatari kutoka kwa baba na mama walikuwa wamenufaika.