Maneno Ambayo Washington Hakuyasema Kuhusu Bunduki

Katika kazi yangu ya kuhakiki nukuu za kihistoria, ni mijadala michache inayoniletea maneno ya kusingiziwa kwa wingi kama ule wa haki ya kumiliki silaha nchini Marekani. Watetezi wa haki hiyo hupenda kumsimamisha George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo, au Thomas Jefferson, rais wake wa tatu, kama shahidi, na mara nyingi shahidi huyo hubebeshwa maneno yasiyoonekana katika barua wala hotuba zake. Kama bunduki zidhibitiwe au zisidhibitiwe si shauri langu hapa. Langu ni mapokezi, yaani nani kayapokea maneno hayo kwa nani.

Uzushi mtupu haunichukulii muda. Lile tamko la Hitler la kujigamba kwamba mwaka 1935 nchi yake ilikamilisha kuandikisha silaha zote huanguka lenyewe, kwa kuwa sheria mbili kuu za silaha za Ujerumani ya miaka hiyo ni ya 1928, kabla hajashika madaraka, na ya 1938. Admirali Yamamoto, kamanda wa jeshi la majini la Japani katika Vita vya Pili vya Dunia, naye anadaiwa kuonya kwamba Marekani haivamiki kwa sababu nyuma ya kila jani pana bunduki, ila andiko lake lenye onyo hilo halijaonekana.

Kazi huanza pale nukuu inapokuwa na kichwa cha kweli na mkia wa kubandikwa. Tarehe 8 Januari 1790, mjini New York, Washington aliliambia Bunge kwamba watu walio huru hawapaswi kuwa na silaha tu, bali pia wawe na mafunzo na nidhamu, na kwamba kwa ajili hiyo panahitajika mpango mmoja uliopikwa ukaiva. Akaongeza kuwa usalama na masilahi yao vinadai waendeleze viwanda vitakavyowaondolea kutegemea wengine kwa mahitaji muhimu, hasa ya kijeshi. Katika toleo linalosambazwa leo, watu hao wanatakiwa wawe na silaha na risasi za kutosha kulinda uhuru wao dhidi ya yeyote atakayejaribu kuwadhulumu, ikiwemo serikali yao wenyewe. Mpango umetoweka na viwanda vimetoweka; kule kujitegemea kwa vifaa, ambako Washington alikuwa akikupigania kama mtu aliyeongoza jeshi lenye uhaba wa baruti, kumegeuzwa kuwa kujihami dhidi ya dola. Aliyeushona mkia huo, awe nani, alikuwa fundi, kwa maana mshono hauonekani mpaka uweke hotuba yenyewe kando yake.

Tena ni Washington huyuhuyu ambaye mwaka 1794, wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walipoinuka na silaha kupinga kodi ya wiski, aliita wanamgambo wapatao 13,000 na kutoka nao mwenyewe kwenda kuwazima.

Kwa Jefferson mambo ni ya aina nyingine. Kauli kwamba sheria za kukataza kubeba silaha huwanyang'anya wale tu wasio na nia ya uhalifu imo kweli katika daftari lake la sheria, lakini imo kwa Kiitaliano, kwa sababu aliinakili kutoka kwa Cesare Beccaria, mwanafikra wa sheria wa Italia, aliyeichapisha mwaka 1764. Kunakili si kutunga, ingawa nakubali kwamba mtu hajisumbui kunakili asichokijali.

Ipo pia sentensi ambayo ni yake bila shaka, kwamba hakuna mtu huru atakayezuiwa kutumia silaha, aliyoiandika mwaka 1776 katika rasimu ya katiba ya Virginia. Katika rasimu zilizofuata aliongeza, ndani ya mabano, maneno yenye maana ya "katika ardhi au makazi yake mwenyewe". Virginia haikukipitisha kifungu hicho, na kwenye mabango ninayoletewa mabano hayo hayamo.